Mchovyo wa Matabaka katika Joto la Dar es Salaam

Mchovyo wa matabaka ni chakula baridi cha sherehe kinachopangwa ndani ya bakuli pana, maharage yaliyopondwa yakiwa chini, parachichi juu yake, kisha mtindi mzito, nyanya, vitunguu na jibini, ili mlaji achukue kipande kikavu cha kukaangwa, akizamishe mpaka chini na kupandisha matabaka yote kwa pamoja. Chakula hiki kilienea Marekani katika miaka ya 1980, kikitokana na mapishi ya Texas ambayo kwa muda mrefu yamechanganyika na ya Mexico, na ladha yake hufuata ile ya taco, yaani chapati ndogo ya mahindi inayokunjiwa nyama, maharage na pilipili. Katika sherehe za Kinondoni na Temeke, ambako meza ya vitafunwa hutawaliwa na sambusa, kachori, kababu na mishikaki, vyote vikitarajiwa kuliwa vya moto, mchovyo wa namna hii ungali mgeni kwa walaji wengi, ingawa viambato vyake karibu vyote hupatikana katika soko la Tandale au la Temeke Stereo.

Ugeni huo ni wa mpangilio tu. Maharage, mahindi, nyanya, pilipili na parachichi asili yake ni bara la Amerika, na vilianza kufika Afrika baada ya Wareno kufungua njia zao za bahari. Leo maharage huja Dar es Salaam kutoka Kagera, Kigoma na Mbeya, nyanya kutoka Ilula na Lushoto, parachichi kutoka Rungwe na Njombe. Kinachomsumbua mpishi wa Pwani ni maji na joto, kwa kuwa kila tabaka lina maji yanayotafuta kushuka, na kila saa ya mchana wa Januari huwapa bakteria nafasi ya kuongezeka.

Maharage ndiyo msingi, na ndiyo yanayostahili uangalifu mkubwa zaidi. Kwa wageni wapatao 20, nusu kilo ya maharage makavu inatosha, na yale ya njano yanafaa kwa sababu huiva upesi na kupondeka bila kubakiza maganda magumu. Hulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa moto mkali kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguziwa moto, maana maharage mabichi yana sumu ya asili, lektini, ambayo huharibiwa na mchemko wa kweli wala si na uvuguvugu wa muda mrefu. Yakishaiva hukaangwa pamoja na kitunguu, kitunguu saumu, binzari nyembamba na pilipili, huku yakipondwa kwa mwiko mpaka yawe mazito kiasi kwamba mwiko ukipitishwa chini ya sufuria huacha njia. Mpishi aliyezoea kuyaunga maharage kwa nazi atalazimika kujizuia hapa, kwa kuwa tui huchacha haraka kwenye joto na hukilegeza chakula kinachotakiwa kisimame. Hatua inayopuuzwa mara nyingi ni ya kupoza: maharage yakiachwa ndani ya sufuria yenye kina, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na ziko bakteria ambazo vijimbegu vyake hustahimili kuchemshwa na kuanza kukua katika uvuguvugu huo, hivyo ni salama zaidi kuyatandaza kwenye sinia, yapoe upesi, ndipo yaingizwe kwenye jokofu.

Parachichi husagwa kwa uma pamoja na chumvi na maji ya ndimu. Nyama ya tunda hili ina vimeng'enya, yaani kemikali za asili zinazoharakisha mabadiliko, ambavyo vikikutana na hewa huigeuza rangi kuwa ya kahawia, na ukali wa ndimu hupunguza kasi yavyo. Parachichi kubwa za kienyeji ni tamu, lakini nyingi zina maji mengi. Aina ya Hass, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1935 na ambayo sasa inalimwa sana Nyanda za Juu Kusini, ina mafuta mengi zaidi na hubaki nzito baada ya kusagwa.

Juu ya parachichi hutandazwa mtindi mzito, ambao huliziba lisipate hewa, na hii ndiyo sababu halisi ya mpangilio ambao mgeni angeudhania kuwa wa mapambo tu. Lita moja ya mtindi usio na sukari wala vanila humiminwa kwenye kitambaa safi na kuachwa ichujike ndani ya jokofu kwa saa kadhaa, kisha hutiwa chumvi na binzari. Nyanya hutolewa mbegu pamoja na majimaji yake kabla ya kukatwakatwa, na vitunguu husuguliwa kwa chumvi, vikasuuzwa na kukamuliwa kama ilivyo desturi ya kachumbari; chumvi nyingine isiongezwe juu, kwa sababu huvuta maji kutoka kwenye nyanya na kuyashusha hadi kwenye maharage. Jibini, ambalo kwa familia nyingi ni ghali, linaweza kuiachia karoti iliyoparuzwa nafasi yake, na majani ya giligilani hufunga kazi.

Kwa kuchovya, wapishi wa Mexico hutumia vipande vya chapati za mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa, lakini manda za sambusa zilizokatwa pembetatu na kukaangwa hadi zikauke hufaa vizuri, na krispi za muhogo huenda zikafaa kuliko hizo, kwa sababu hazivunjiki ndani ya maharage.

Kanuni za usalama wa chakula huruhusu chakula kama hiki kukaa nje ya baridi kwa saa mbili, na saa moja tu joto likizidi nyuzi 32, ilhali umbali kati ya saa iliyoandikwa kwenye kadi ya mwaliko na saa ambayo mshereheshaji hushika kipaza sauti unajulikana na kila mkazi wa jiji. Kwa hiyo ni busara kutumia bakuli mbili ndogo badala ya moja kubwa, ya pili ikisubiri ndani ya deli lenye barafu, nyanya na vitunguu vikiongezwa wakati wa kuandaa meza. Barafu ya kununua kwa majirani wenye friza inatosha hata umeme ukikatika, mradi izunguke bakuli bila kugusa chakula, kwa kuwa maji yake huenda hayakuchemshwa.

Lipo pia suala la kuchovya mara mbili kipande kilichokwisha kuumwa, ambalo katika bakuli la pamoja halizuiliki kwa tangazo. Wapo wanaopanga matabaka ndani ya glasi ndogo, kila mgeni na yake. Kazi huongezeka jikoni, lakini glasi zinazosubiri wageni waliochelewa zinaweza kubaki kwenye barafu, na mwenye sherehe akajua mapema kama chakula kitatosha.