CHOKAA KATIKA MISHIPA YA MOYO

Moyo ni pampu inayosukuma damu mwilini. Lakini moyo wenyewe nao unahitaji chakula. Huletewa na damu, kupitia mishipa inayouzunguka. Mshipa huo ukiziba, mtu anaweza kufa ghafla.

Mshipa huzibaje? Mafuta ya damu huingia katika kuta zake na kuganda. Miaka ikipita, chokaa nayo huingia humo na kuyafanya magumu. Umepata kuona sufuria iliyochemshiwa maji ya chumvi siku nyingi? Ndani hushika ukoko mweupe. Sufuria unaiona ndani. Mshipa huuoni, tena hauumi mapema.

Hospitali kubwa zenye mashine ya siti skani zinaweza kupiga picha ya chokaa hiyo. Mtu hulala chali. Hubandikwa nyaya kifuani ili mashine ifuate mapigo ya moyo. Huambiwa abane pumzi kidogo. Hachomwi sindano. Kazi huchukua kama dakika 10.

Kwenye picha, chokaa huonekana nyeupe kama mfupa. Mwaka 1990, Dakta Arthur Agatston na wenzake wa Marekani walieleza namna ya kuihesabu. Kompyuta hupima ukubwa wa kila doa na weupe wake, kisha hutoa jumla:

0: chokaa haikuonekana.
1 hadi 99: ipo kidogo.
100 hadi 399: ni ya wastani.
400 na zaidi: ni nyingi.

Jumla ikipanda, hatari nayo hupanda.

Hapa wengi hukosea. Mwenye 0 husema, "Mimi mzima, niacheni na sigara yangu." La! Picha hii huona chokaa tu. Mafuta laini haiyaoni, nayo yanaweza kupasuka na kuziba mshipa. Mwenye 400 naye hulia kama amehukumiwa kifo. Hapana. Bado anaweza kutibiwa.

Picha haiponyi. Humsaidia daktari kuamua. Mwaka 2018, madaktari wa moyo wa Marekani walishauri itumike kwa watu wa miaka 40 hadi 75, pale daktari anapositasita kutoa dawa ya kupunguza mafuta ya damu. Mwenye 100 au zaidi alishauriwa kuanza dawa. Mwenye 0 aliweza kungoja, isipokuwa kama anavuta sigara au ana kisukari.

Lakini mtu akibanwa na kifua, akatoka jasho na kukosa pumzi, asingoje picha ya namna hii. Apelekwe hospitali mara moja.

Je, sisi tulio mbali na mashine hiyo tufanye nini? Maadui wa mishipa wanajulikana: sigara, presha, kisukari na mafuta mengi ya damu. Presha hupimwa hata kwenye zahanati. Tuanzie hapo. Aliyepewa dawa ya presha asiiache kwa kuwa hajisikii kuumwa. Na ukishapimwa, soma mwenyewe namba iliyoandikwa kwenye kadi yako. Kisha mwulize mganga maana yake.