Makande, Limau na Chai ya Baada ya Kula

Katika vijiji vilivyokaa baina ya maziwa ya Momela na miteremko ya Mlima Meru, ambako udongo wa volkano huzaa mahindi, maharage na ndizi bila ya uchoyo, ni taabu kumsadikisha mtu kwamba nyumba yenye sufuria ya makande kila jioni yaweza kuwa na watoto waliopungukiwa na damu. Walakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, na watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, walikuwa na upungufu huo. Malaria na minyoo zina fungu lao kubwa katika balaa hili. Lakini wataalamu waliochunguza lishe ya watu wa wilaya ya Lindi, na kutangaza matokeo yao mwaka 1998, walihukumu kwamba sababu kuu mojawapo ni uchache wa madini ya chuma ambayo mwili waweza kuyatwaa kutoka katika chakula.

Kuyatwaa, ndiyo muradi wa maneno haya. Chuma kilichomo katika nyama hupita utumboni kwa wepesi, ilhali chuma cha nafaka na kunde, ambacho ndicho kilichomo katika makande, hufika katika hali isiyoyeyuka vizuri, na tena hukamatwa njiani na faiteti, ambayo imejaa katika pumba za mahindi na katika maharage, hata sehemu kubwa yake hutoka mwilini kama ilivyoingia. Vitamini C huja kulitengua fundo hilo: huigeuza hali ya chuma kikawa chepesi kuyeyuka, kisha hukishika kabla faiteti haijakiwahi. Miligramu 25 hadi 50 tu za vitamini hiyo, maadamu zimeliwa pamoja na chakula chenyewe, zaweza kukizidisha chuma kinachoingia damuni mara mbili au tatu.

Sharti ni hilo la kuliwa pamoja, na hapo ndipo neema ya Meru inapopotea bure. Pera moja lina vitamini C kupita machungwa mawili, na mapera hayana thamani kubwa huku. Lakini mtoto huyala saa kumi jioni akitoka shule, na makande huyala saa mbili usiku, wakati ambapo pera limekwisha zamani kufanya kazi yake.

Mpishi naye ana hila yake, ambayo ni magadi. Ijapokuwa hulainisha maharage upesi na kuokoa kuni, magadi huiharibu vitamini C, na moto wa saa nyingi humalizia iliyosalia. Kwa hiyo limau lililokamuliwa sufuriani tangu mwanzo ni limau lililotupwa. Likamuliwe sahanini, chakula kikiwa tayari. (Magadi yana aibu nyingine pia: aghalabu huchukua floridi, nayo maji ya Momela na Ngare Nanyuki yamekwisha kuwa na floridi ya kuyatia meno ya watoto rangi ya kahawia bila ya kuongezewa.) Mimi naona bora maharage yalowekwe usiku kucha, na maji yake yamwagwe, maana faiteti kiasi huondoka nayo, na moto hautakuwa wa muda mrefu.

Ama chai, hilo ni jambo la kulisema kwa adabu, kwa kuwa hapana mgeni katika nchi hii aondokaye bila ya kikombe. Tanini ya chai ikinywewa pamoja na chakula hukipunguza chuma kwa nusu au zaidi, na maziwa yaliyomo hayasaidii, kwani chokaa yake nayo ni pingamizi. Ikicheleweshwa saa moja baada ya kula, dhara hupungua sana, wala heshima ya mgeni haikuguswa.

Vitamini A kazi yake ni nyingine: husaidia chuma kilichowekwa akiba katika ini kitoke kiende kutengeneza damu. Watoto wa shule wa Bagamoyo waliokuwa na upungufu wa damu, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2000, walipopewa vitamini A damu yao iliongezeka. Vitamini hiyo hupatikana katika maembe, katika mnafu na katika mchicha, mboga za kienyeji ambazo kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichoko Duluti, karibu na Tengeru, kimezishughulikia tangu miaka ya 1990. Nazo hufaa zaidi zikitiwa mafuta kidogo.

Unga uliotiwa chuma kiwandani haumfikii anayesaga mahindi yake katika mashine ya kijijini. Vidonge navyo si vya kugawiwa kiholela: huko Pemba, mwaka 2006, ilidhihirika kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki katika nchi yenye malaria nyingi waliugua na kufa zaidi ya wenzao. Kupima damu kwanza ni lazima, na mpimaji wa Momela akumbuke kwamba yupo zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, ambako mwili huhitaji himoglobini nyingi zaidi. Mwanamke asiye mjamzito mwenye gramu 12 katika desilita, ambaye Tanga angeambiwa kwamba damu yake inatosha, hapa huhesabiwa miongoni mwa waliopungukiwa.