Daftari la Wanachama Linapogoma Ndani ya Kompyuta



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini ofisi ya Kampala ilichelewa kutoa orodha za makato ya ada, na kwa nini baada ya hapo tulianza kuwasumbua kwa maswali juu ya tarehe mlizojiunga na chama. Tumeona ni haki yenu kuelezwa jambo lote, maana daftari ni lenu, na baadhi ya matawi yamekwisha nunua kompyuta zao na yatapambana na mambo hayo hayo.

Zamani daftari letu lilikuwa daftari kweli, lenye jalada gumu, na kadi zilichapishwa Nasser Road. Paa likivuja, unaona karatasi imelowa. Siku hizi majina yamo ndani ya hifadhidata, ambayo vijana huiita databesi, na ikiharibika huoni kitu ila maandishi ya Kiingereza juu ya kioo. Sisi wengine tulioishia darasa la saba tuliogopa maandishi hayo kwa muda mrefu. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Hifadhidata ya namna hii huweka habari katika majedwali. Jedwali moja lina wanachama, jingine matawi, la tatu ada. Kila mwanachama ana namba yake, na namba hiyo ndiyo inayoyaunganisha majedwali, ili jina la mtu mmoja lisiandikwe mahali kumi kwa namna kumi. Fikra hiyo iliandikwa mwaka 1970 na E. F. Codd, mfanyakazi wa kampuni ya IBM. Programu tunayotumia sisi inaitwa MySQL, iliyotolewa na kampuni ya Sweden mwaka 1995. Mmoja wa waanzilishi wake, Michael Widenius, aliipa jina la binti yake, My. Ndugu zetu wa zahanati wanaitumia bila kuijua, kwa kuwa mfumo wa UgandaEMR wa kumbukumbu za wagonjwa umejengwa juu ya OpenMRS, iliyoanza kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na OpenMRS huweka habari zake katika MySQL. Ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bila kulipa leseni. Lakini kutolipa leseni hakuna maana ya kwamba kazi inajifanya yenyewe. Hakuna mtu anayetumwa kuja kukutengenezea.

Sasa yaliyotupata. Mwisho wa mwezi umeme ulikatika, na uliporudi daftari likakataa kufunguka. Juma lililofuata tulikuwa na kikao na mwajiri mmoja aliyedai kwamba wanachama wetu kiwandani kwake ni wachache kuliko tunavyosema. Bila daftari tungeingia kikaoni mikono mitupu, na hesabu ya pekee mezani ingekuwa ya kwake.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka kufuta kila kitu na kuweka programu upya. Tulimzuia. Wafanyakazi wakigoma, kiongozi mwenye akili huuliza kwanza wana malalamiko gani, na kompyuta pia ina malalamiko yake, imeyaandika. MySQL huweka faili la makosa, na katika seva nyingi za Linux huwa ndani ya folda ya /var/log/mysql. Tulilifungua, tukasoma mistari ya mwisho kwa msaada wa binti wa karani wetu anayesoma sekondari. Lilisema wazi: kosa namba 28, diski haina nafasi.

Na nini kilijaza diski? Nakala zetu za akiba! Kila usiku kompyuta ilitoa nakala ya daftari na kuiweka ndani ya diski ile ile, na hakuna aliyefuta za zamani. Ubaya zaidi, nakala za siku za mwisho zilikuwa zimekatika katikati kwa kukosa nafasi. Tulikuwa tunajisifu kuwa na akiba, kumbe tuna magunia matupu. Nakala inayotolewa na mysqldump ikiwa kamili, mstari wake wa mwisho huwa na maneno Dump completed, pamoja na tarehe. Katibu yeyote anaweza kutazama mstari huo kila asubuhi, haihitaji chuo kikuu.

Tulisimamisha kila kitu, tukanakili folda nzima ya hifadhidata kwenye diski ya nje kabla ya kugusa lolote, ndipo tukaondoa nakala za zamani. Programu ikawaka. Ilijitibu yenyewe majeraha ya umeme, kwa sababu hufanya kama mweka hazina mwangalifu: kwanza huandika katika kijitabu kidogo, kisha huhamisha katika daftari kubwa. Akikatizwa katikati, akirudi hulinganisha viwili hivyo. Kama ingekataa bado, kuna ngazi za kuilazimisha, namba 1 hadi 6. Mtu huanza na 1, tena juu ya nakala, kwa sababu kuanzia 4 kwenda juu unaweza kuharibu habari moja kwa moja. Shabaha ni kuokoa majina uyatoe nje, si kuendelea kufanya kazi hivyo.

Ndipo tukagundua jambo jingine. Toleo letu lilikuwa 5.7, na matengenezo ya toleo hilo yalikwisha Oktoba 2023. Maana yake matundu yanayogunduliwa hayazibwi tena, na wezi wanayasoma kama sisi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayeweka habari za watu azilinde, na chama hakikuachwa nje. Kwa hiyo ilitubidi kuhamia toleo jipya.

Hapa tunaomba makatibu wasome polepole. Hairuki mtu ngazi: kutoka 5.7 unakwenda 8.0, kisha 8.4 iliyotolewa Aprili 2024. Na toleo la 8.0 likishafungua mafaili yako, huwezi kuyarudisha 5.7. Njia ya kurudi ni nakala tu. Basi hatukugusa kompyuta ya ofisi. Tuliazima kompyuta kuukuu, tukaweka toleo la 8.0, tukarudisha nakala ndani yake, tukafanya kazi ya ofisi humo kwa juma zima kama mchezo wa majaribio. (Baadaye tuliifuta diski yake kabisa kabla ya kumrudishia mwenyewe.)

Majaribio hayo yalituokoa. Orodha ya matawi haikutoka hata kidogo. Kijana aliyetujengea mfumo alikuwa amelipa jedwali la matawi jina groups, na toleo la 8.0 limelifanya neno hilo kuwa lake, halitumiki ovyo. Kuna chombo cha bure cha kukagua, kiitwacho MySQL Shell, kinachoonya juu ya majina kama hayo. Lakini amri zilizofichwa ndani ya programu yetu ilitubidi kuzitafuta wenyewe, moja moja. Kisha programu ikashindwa kuingia, kwa kuwa toleo jipya lina namna nyingine ya kuhakiki neno la siri. Tulishauriwa kurudisha namna ya zamani; tukakataa, maana katika 8.4 imezimwa tangu mwanzo. Tukabadili kipande cha programu kinachoiunganisha na hifadhidata.

La tatu ndilo linalowahusu ninyi. Karani alipoandika mwanachama mpya bila tarehe, toleo jipya lilimkatalia. Miaka yote programu ilikuwa ikijaza sifuri tupu penye tarehe isiyojulikana, siku sifuri ya mwezi sifuri, na mtu fulani zamani alikuwa amezima ukali wa MySQL ili isilalamike. Tulipotazama tukaona wanachama wa miaka mingi, wengine wazee wa chama, waliojiunga siku isiyokuwepo. Mwajiri angeliona hilo mezani angecheka.

Kabla ya kuhama tuliandika kwenye karatasi idadi ya wanachama na jumla ya ada, tawi kwa tawi. Tulihama Jumamosi mchana, mbali na siku za makato, tukahesabu tena, na kila tawi likalingana. Kikaoni kwa yule mwajiri tulikwenda na orodha iliyochapwa, yenye tarehe ya sahihi ya kila aliyekubali kukatwa ada, tukaisoma jina kwa jina mpaka yeye mwenyewe akaomba tuishie hapo.

Nakala sasa hukaa kwenye diski mbili, moja nje ya ofisi, na kila mwezi tunairudisha moja kwenye kompyuta nyingine kuona kama inafunguka. Neno la siri limo katika bahasha ndani ya sanduku la mweka hazina, na viongozi wawili wanajua kulitumia. Zamani lilikuwa kichwani mwa yule kijana tu, naye alishakwenda kutafuta kazi Ughaibuni.

Bado zimesalia tarehe za sifuri. Kila mwanachama aliyeulizwa na katibu wake alete kadi yake ya zamani, au stakabadhi ya ada ya kwanza. Aliyepoteza vyote aje na wanachama wawili waliojiunga naye, tutaandika maelezo yao na kuyatia sahihi.