Skuta ya Umeme Katika Bustani Ndogo ya Burudani: Kutoka Kufika Hadi Kushiriki

Skuta ya umeme ya watu wenye shida ya kutembea ni chombo chenye magurudumu matatu au manne, kiti kimoja kinachoweza kugeuzwa kushoto na kulia, na usukani wa mikono, kinachoendeshwa na mota inayopata nguvu kutoka kwenye betri zilizowekwa chini ya kiti. Asili yake ni jimbo la Michigan nchini Marekani, ambako mwaka 1968 fundi bomba aitwaye Al Thieme alimtengenezea jamaa wa familia yake, aliyekuwa akipoteza uwezo wa kutembea kwa sababu ya maradhi ya mfumo wa neva, chombo cha kumwezesha kutoka na kurudi bila kumtegemea mtu. Katika nchi ambamo skuta hizi zimeenea, zimewafungulia watumiaji wake maduka, makumbusho na viwanja vya maonyesho; lakini bustani ya burudani, yaani eneo ambalo familia huenda ili kupanda treni ndogo, bembea, farasi wa kuzunguka na vyombo vingine vya kufurahisha, huibua swali ambalo duka haliliibui. Dukani, mtu akishafika mbele ya rafu amekwisha kupata alichokijia, ilhali katika bustani ya burudani kufika mbele ya chombo ni mwanzo tu, kwa kuwa furaha yenyewe imo ndani ya chombo, nayo skuta kwa kawaida huishia langoni.

Kinyume cha dhana iliyozoeleka, watumiaji wengi wa skuta wanaweza kusimama na kupiga hatua chache. Mwenye baridi yabisi ya magoti, mgonjwa wa moyo au wa mapafu anayeishiwa pumzi upesi, na mzee ambaye miguu yake haihimili tena mwendo mrefu, wote huitumia skuta kuokoa nguvu ambazo kutembea kungezimaliza kabla siku haijafika nusu. Kwa sababu hiyo, mhudumu anayemwona mgeni akiinuka kutoka kwenye skuta na kushika nguzo hana haki ya kumshuku kwamba anajisingizia ugonjwa, kwa maana ulemavu wa mtu huyo hupimwa kwa umbali anaoweza kwenda na uchovu unaomfuata baadaye. Uwezo huo mdogo wa kusimama ndio mtaji wake wa siku nzima, na bustani iliyopangwa vizuri ni ile inayomwezesha kuutumia kwenye vyombo vya burudani badala ya kuumaliza njiani.

Bustani ndogo ina faida zilizo wazi: umbali kati ya chombo na chombo ni mfupi, msongamano ni wa kadiri, na betri iliyochajiwa usiku kucha kwa kawaida hutosha kumaliza siku. Hata hivyo, nyingi kati ya bustani hizi zilianza zamani na zikakua kidogokidogo, chombo baada ya chombo, bila ramani moja iliyotangulia. Wicksteed Park, iliyoko Kettering nchini Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1921 na mhandisi Charles Wicksteed. Mtelezo wake wa mashua ulianza kazi mwaka 1926 na reli yake ndogo mwaka 1931, enzi ambazo hapakuwa na sheria iliyomtaka mbunifu amfikirie mgeni asiyeweza kupanda ngazi. Blackgang Chine, iliyofunguliwa mwaka 1843 katika kisiwa cha Wight, iko juu ya genge la pwani linalomomonyoka, hivyo njia zake hupanda na kushuka, na baadhi ya sehemu zake zimelazimika kuhamishwa kadiri ardhi ilivyoporomoka kuelekea baharini. Mahali pa namna hii, mtihani wa kwanza wa mgeni mwenye skuta ni ardhi yenyewe.

Wajenzi huupima mteremko kwa uwiano wa kimo na urefu. Viwango vya Marekani vya majengo yanayofikika, vilivyotolewa mwaka 2010, vinataka njia ya mteremko isizidi uwiano wa 1 kwa 12, maana yake kila mita 1 ya kupanda ipewe angalau mita 12 za urefu, ambao ni mwinuko wa karibu nyuzi 5. Skuta nyingi zina nguvu ya kupanda zaidi ya hapo, lakini nguvu ya mota haitoshi kuwa kipimo cha usalama, kwa sababu kiti kiko juu, na uzito wa mpandaji ukielemea upande mmoja chombo huweza kupinduka, hasa kile cha magurudumu matatu. Ndiyo maana mteremko mkali hupandwa na kushukwa kwa kunyooka, pasipo kukata kona katikati yake. Mtumiaji akiachia kitufe cha mwendo, skuta hupunguza kasi na breki yake ya sumaku hujifunga yenyewe. Pamoja na breki hiyo, kuna wenzo mdogo, aghalabu ulioko nyuma karibu na mota, ambao huitenganisha mota na magurudumu ili skuta isukumwe kwa mkono betri inapokwisha. Wenzo huo ukishavutwa, breki ya sumaku haifanyi kazi tena, na mhudumu mwenye nia njema anayeisogeza skuta tupu kwenye mteremko anaweza kuiona ikimponyoka. Reli ya treni ndogo inayokatiza njia ya wageni nayo huvukwa kwa pembe mraba, kwani gurudumu la mbele likiingia kwa mshazari huweza kunaswa katika mfereji ulio kando ya chuma.

Baada ya njia huja foleni. Vizuizi vya chuma vinavyoipindisha foleni huku na huku viliwekwa kwa kumfikiria mtu anayetembea, anayeweza kugeuka pale pale aliposimama, ilhali skuta hugeuka kwa kuchora tao kama gari dogo, na ile ya magurudumu manne, ingawa imetulia zaidi, huhitaji nafasi kubwa kuliko ya magurudumu matatu. Viwango vya Marekani vilivyotajwa hapo juu hutenga duara la kipenyo cha milimita 1,525 kwa ajili ya kitimwendo kugeuka, lakini skuta ndefu huweza kushindwa hata katika nafasi hiyo. Dawa inayotumiwa mara nyingi ni kumwingiza mgeni kupitia lango la kutokea, ambalo kwa kawaida ni pana na limenyooka; utaratibu huo ni wa haki endapo mgeni anapewa muda wa kurudi unaolingana na urefu wa foleni, ili asisubiri zaidi ya wengine wala asiwapite.

Hatua inayoamua kila kitu ni kuhama kiti, yaani kutoka kwenye kiti cha skuta na kuingia kwenye kiti cha chombo cha burudani. Mtumiaji mzoefu husogeza skuta karibu na chombo, huzima umeme kwa ufunguo, kisha hufungua kishikizo cha kiti na kukigeuza mpaka kimwelekee anakohamia, na huhakikisha kiti kimejifunga tena kabla ya kuinuka. Kuzima ufunguo si jambo la hiari, kwa kuwa mtu anayeinuka huelekea kushika usukani, na kiganja kikigusa kitufe cha mwendo skuta iliyowashwa itaruka mbele wakati mwenyewe amesimama kwa mguu mmoja. Baada ya hapo kimo cha kiti kinachomngoja ndicho kinachoamua, na viwango vya Marekani hutaka kiti kilichokusudiwa kuhamiwa kiwe kati ya milimita 355 na 610 kutoka sakafu ya kupandia, kwa sababu kiti kilicho chini mno humruhusu mtu kuketi lakini humnyima nguvu ya kuinuka. Wahudumu kwa kawaida hukatazwa kumbeba au kumwinua mgeni, kwa hofu ya kumwumiza na kuumia wenyewe, hivyo nguzo imara ya kushika, benchi na dakika mbili za subira hufaa kuliko mikono mingi iliyonyooshwa bila mafunzo.

Wageni wengine huuliza kwa nini skuta isipandishwe pamoja na mwenyewe. Sababu ni kwamba skuta nyingi hazina sehemu za kufungia mikanda ya kuikaza sakafuni, na kiti kinachozunguka hakikuundwa kuhimili nguvu za kutupwa huku na huku. Kuna pia suala la uokoaji: chombo kikikwama juu, abiria hulazimika kushuka kwa ngazi nyembamba, na mwendeshaji anapaswa kujua mapema ni nani asiyeweza kushuka kwa miguu na nani atamsaidia. Masharti hayo, yakielezwa kwa heshima kabla ya tiketi kununuliwa, hueleweka. Yakitolewa mlangoni mbele ya wajukuu wanaosubiri, humvunjia mtu hadhi.

Sheria zimejaribu kuziba mapengo haya kwa njia tofauti. Nchini Marekani, viwango vya mwaka 2010 vinataka kila chombo kipya cha burudani kiwe na nafasi ya kitimwendo, au kiti kilichobuniwa kwa ajili ya kuhamiwa, au kifaa cha kumhamishia mgeni. Lakini vyombo vya kuhamahama vimesamehewa, na vile vya watoto wanaopandishwa na watu wazima havidaiwi hata kimojawapo cha vitu hivyo vitatu. Kwa kuwa bustani ndogo hutegemea sana vyombo vya aina hizo, msamaha huo huziangukia zaidi kuliko bustani kubwa. Uingereza, kwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, humtaka mtoa huduma afanye marekebisho yanayofaa na ayafikirie kabla mgeni hajagonga mlango. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazitaka nchi wanachama katika Ibara ya 30 zihakikishe kuwa mahali pa burudani, michezo na utalii panafikika, na kwamba watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo sawa na wenzao.

Kwamba jambo hili linawezekana kumethibitishwa na Morgan's Wonderland, bustani ya ekari 25 iliyofunguliwa mwaka 2010 mjini San Antonio, Texas, na Gordon Hartman, ambaye binti yake Morgan ana ulemavu. Humo farasi wa kuzunguka wana majukwaa ambayo kitimwendo huingia moja kwa moja, na mgeni mwenye ulemavu halipi kiingilio. Mwaka 2017 iliongezwa bustani ya maji, na kwa kuwa maji na betri havipatani, wageni hupewa vitimwendo vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, vilivyobuniwa kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Huko tatizo la kuhama kiti lilipunguzwa tangu kwenye meza ya mchoraji, ambako gharama yake huwa ndogo kuliko ya kubomoa na kujenga upya.

Bustani kongwe yenye kipato kidogo haiwezi kuiga yote hayo kwa mwaka mmoja, lakini inaweza kuanza na mambo yasiyohitaji mtaji mkubwa: kutangaza kimo cha kiti na idadi ya vidato kwa kila chombo, kuchora ramani inayoonyesha miteremko mikali, kuweka nguzo na benchi mahali pa kuhamia, kutenga kivuli na paa la kuegeshea skuta wakati wa mvua, na kuwafundisha wahudumu kazi ya ule wenzo wa mota. Mgeni naye akizipata taarifa hizo kabla ya safari, ataamua mwenyewe atumie nguvu zake kwenye chombo kipi, na uamuzi huo ndio hasa unaomtofautisha mshiriki na mtazamaji. Bustani inayohesabu mafanikio yake kwa idadi ya skuta zilizopita getini imehesabu nusu ya kazi. Hesabu kamili ni ya watu waliopanda, wakafurahi pamoja na jamaa zao, na wakashuka salama.