Watoto wetu wakienda Nairobi, waende wakijua walikotoka

Kila zinapotangazwa ziara za masomo, wazazi huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, kuna haja gani kuwapeleka watoto Nairobi kwa pesa zote hizo?" Mimi nafundisha ng'ambo ya Likoni, na mwaka jana nilisindikiza gredi ya sita. Acha nijibu nikiwa nimeona kwa macho yangu.

Tulivuka feri alfajiri, tukapanda treni ya SGR Miritini. Njiani watoto walibishana nani ameona ndovu wengi zaidi Tsavo. Tuliposhuka Syokimau, waliokuja bila sweta walijuta, maana Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari.

Kesho yake tulipanda jumba la KICC, lililokamilika mwaka 1973. Juu kule, mtoto mmoja alitazama magorofa akaniambia, "Mwalimu, kumbe sisi tuko nyuma sana." Neno hilo liliniuma.

Jibu nililipata Makumbusho ya Reli. Pale lipo behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi, Charles Ryall, kule Kima mwaka 1900. Watoto walipokwisha kulizunguka, niliwaketisha nikawaeleza. Reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899. Mji huu ulikuwa bado haujakuwapo. Palikuwa na uwanda wa maji baridi ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe, ndipo wajenzi wa reli wakapiga kambi. Wakati huo Mombasa ilikuwa mji wa karne nyingi, na Fort Jesus ilishatimiza miaka 300. Hata makao makuu ya serikali ya kikoloni yalikuwa Mombasa kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka 1905.

Yule mtoto akauliza, "Kwa hivyo Nairobi imetoka kwetu?" Nikamwambia, imefika kwa reli iliyoanzia kwetu.

Kisha nikauliza ni nani amewahi kuingia Fort Jesus. Kati ya watoto 38, mikono sita ndiyo iliyoinuka. Na hao 38 ndio waliolipa. Tisa walibaki kwa kukosa ada. Asubuhi ile walikuja na sare zao, wakasimama langoni kutupungia mkono.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: haja ya Nairobi ipo, lakini tuanzie nyumbani. Muhula wa kwanza, darasa zima lizuru Fort Jesus na Mji wa Kale. Feri ni bure kwa anayekwenda kwa miguu, na kutoka pale nauli ya matatu ni ndogo. Ada ya Nairobi nayo ikusanywe kidogo kidogo tangu Januari, badala ya kudaiwa yote kwa wiki mbili kama tulivyofanya. Kosa hilo lilikuwa letu walimu, na wale tisa ndio waliolilipia.

Mkutano wa wazazi ukiitishwa, naomba tulizungumze hili mapema.