Linux: nafuu kwa stationery, hasara kwa banda la gemu

Wenye kompyuta za biashara Mbinga mjini, Mbamba Bay na Liuli wana hesabu ya kufanya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashine hazikuzimika, lakini marekebisho ya usalama yalibaki kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda tu.

Windows 11 haipokei kila mashine. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha 8 isipokuwa chache. Kompyuta ya mtumba ya kizazi cha 4 au cha 6 inaachwa nje, hata kama bado ni nzima.

Hapo ndipo Linux inapoingia. Mfumo huu, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, hauna ada ya leseni kwa mtumiaji wa kawaida. Linux Mint inatosha kwenye mashine yenye RAM ya GB 4. Faili lake, la karibu GB 3, likishushwa mara moja Mbinga hupelekwa ziwani kwa flashi bila kula bando tena.

Stationery hupata nafuu. Kuchapa barua, kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi na kutuma maombi ya ajira mtandaoni, yote yanawezekana. Tahadhari zipo: hati ya Word yenye majedwali inaweza kuvurugika ikifunguliwa kwa LibreOffice, na baadhi ya skana hazina programu ya Linux. Anayetunza hesabu kwa Tally au QuickBooks ya kompyutani abaki na Windows.

Fundi wa kompyuta naye hufaidika. Flashi ya Linux mara nyingi huwasha mashine ambayo Windows yake imekufa, na mafaili ya mteja yakaokolewa.

Banda la gemu lina hesabu nyingine. Tangu Valve itoe Proton mwaka 2018, maelfu ya michezo ya Windows huchezeka kwenye Linux. Lakini EA Sports FC 25 ina programu ya kuzuia udanganyifu isiyoikubali Linux. Fortnite na Valorant vivyo hivyo. Banda linaloishi kwa wateja wa mpira likihama lote, linafukuza wateja wake.

Wafanyabiashara wanashauriwa kuijaribu Linux kwa flashi kwanza, bila kufuta Windows, na kuchapa kwa printa yao wenyewe. Mafaili yanakiliwa pembeni kabla ya kuhama. Mwenye mashine mbili ahamishe moja. Kazi hiyo ikamilike kabla ya msimu wa kahawa. Fedha zinapozunguka, mashine iliyolala ni mteja aliyekwenda duka la jirani.