Ghuba Iliyochimbwa na Ufa

Ukisimama Kondele, mjini Kisumu, ukatazama kaskazini, macho yanakutana na vilima vya Riat na Kajulu. Viwanja vya huko juu vinatafutwa sana: upepo mwanana, na Ziwa Victoria unaliona. Ni wachache wanaojiuliza mbona nchi inainuka ghafla namna ile, na mbona vilima vimejipanga kwenye mstari mmoja kuelekea Nandi.

Vilima hivyo ni ukingo wa ufa. Bonde la Ufa tunalolijua hupita Nakuru na Naivasha, lakini lina mkono uliochepuka kuja magharibi, na mkono huo ndio Ghuba ya Winam. Ardhi ilipasuka kaskazini kando ya Nyando, ikapasuka na kusini upande wa Kendu na Nyakach, kisha kipande cha katikati kikadidimia. Humo ndimo yalimo matope ya Kano, mashamba ya mpunga ya Ahero, na sehemu kubwa ya Kisumu yenyewe.

Ufa huu umetulisha pia. Mto Sondu unaposhuka kutoka uwanda wa juu wa Nyabondo, maji yake hupitishwa kwenye handaki la kilomita 6 hivi na kuzalisha megawati 60 za umeme. Moto uliopanda kwenye mipasuko ulijenga milima ya Tinderet, Homa na Kisingiri. Majivu ya Kisingiri yaliifunika mifupa ya kale kule Rusinga, ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Simbi Nyaima nalo, karibu na Kendu Bay, ni ziwa la kreta. Wazee husimulia kuwa kijiji kilizama usiku mmoja baada ya kumfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi. Mwanajiolojia anaeleza kisa kingine, ila naye anakiri kwamba ardhi ya pale ililipuka.

Mkono wetu umetulia kuliko bonde kuu. Lakini jirani hajatulia. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilitikisa Subukia, kwenye bonde kuu, na kuichana ardhi kwa kilomita 38 hivi. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Bukoba, ng'ambo ya ziwa: ukubwa wa 5.9, na watu zaidi ya 15 wakafa. Ziwa Victoria limekaa juu ya bamba dogo la miamba lililobanwa kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, na vipimo vya setilaiti vinaonyesha bamba hilo linajizungusha polepole, kinyume na mwendo wa saa.

Mimi sihofii ufa wa Kajulu kama ninavyouhofia udongo wa chini. Mwamba mgumu hutikisika kidogo. Matope laini yaliyoshiba maji huikuza mitikisiko, na Kisumu inazidi kutandaa juu ya matope hayo, sasa kwa maghorofa. Kule Bukoba, nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yasiyo na nondo wala mkanda wa zege wa kuzifunga kuta. Kenya ina mwongozo wa ujenzi wa kuhimili matetemeko tangu 1973. Anayejenga Nyalenda au Dunga leo amuulize mhandisi wake kama aliufungua alipochora msingi, na kama udongo ulipimwa kabla ya lori la kwanza la kokoto kufika.